Steringi Watano, Bando Moja

Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume iliyotolewa tarehe 2 Machi 2025 ilikwenda kwa Adrien Brody, na filamu iliyompa ushindi huo, The Brutalist, ina urefu wa dakika 215. Wapiga kura wa Oscar hufunguliwa filamu kwenye mtandao wa chama chao, wakazitazama kwa raha zao bila kuulizwa bando limebaki kiasi gani. Sisi wengine tunanunua. Tunanunua filamu, tunanunua data ya kuipitisha, na tunatoa usiku mzima katika wiki isiyo na usiku wa ziada. Kwa hiyo nani ameigiza vizuri kuliko wenzake ni swali moja, na nani umlipie kwanza ni swali jingine kabisa. Hapa nashughulika na hilo la pili.

Walioteuliwa walikuwa watano, wote kwa filamu za 2024: Brody, Timothée Chalamet aliyemwigiza Bob Dylan katika A Complete Unknown, Colman Domingo wa Sing Sing, Ralph Fiennes wa Conclave, na Sebastian Stan, aliyekuwa Donald Trump kijana katika The Apprentice. Kuna walioachwa nje ambao ningewatetea, Daniel Craig wa Queer akiwa wa kwanza, lakini hao watano wanatosha kutoboa mfuko wa mtu.

Tuanze na bando, maana ndilo linaloumiza. Netflix hukadiria kwamba picha ya kiwango cha kati hula kama GB 0.7 kwa saa, na picha ya HD hufika GB 3 kwa saa. Chukua makadirio hayo kwa filamu zote, hata zile usizozipata Netflix. Kisha weka bei ya mfano, tuseme shilingi 2,000 za Tanzania kwa GB moja. Bei yako halisi utaijaza mwenyewe. Sing Sing, dakika 107, itakula kama shilingi 2,500 kwa picha ya kati na 10,700 kwa HD. Conclave ni dakika 120, yaani 2,800 au 12,000. The Apprentice inaizidi Conclave kwa dakika mbili tatu tu, hesabu ni ileile. A Complete Unknown, dakika 141, inafika 3,300 au 14,100. The Brutalist ina mapumziko ya dakika 15 yaliyowekwa ndani ya filamu yenyewe. Ukiyaruka zinabaki dakika 200, ambazo ni 4,700 kwa picha ya kati na 20,000 kamili kwa HD. Na hapo filamu yenyewe bado hujailipia.

Bei ya filamu inategemea subira yako. Katika maduka ya mtandaoni ya Marekani, filamu iliyotoka ukumbini juzi kwa kawaida hukodishwa kwa dola 19.99. Baada ya muda hushuka hadi 5.99, halafu 3.99. Uigizaji hauchachi, anayengoja miezi michache anampata Brody yuleyule kwa chini ya theluthi ya bei. Sioni sababu ya kulipa 19.99 kwa filamu yoyote kati ya hizi, labda uwe na mabishano ya ofisini usiyotaka kushindwa.

Kwa ndugu walioko Marekani kuna njia ya pili, ya kulipia kwa mwezi. Katika nusu ya kwanza ya 2025 The Brutalist na Sing Sing ziliingia Max, Conclave ilikuwa Peacock, na A Complete Unknown ikaingia Hulu. Vifurushi vya chini, vyenye matangazo, vilikuwa dola 9.99 kwa Max, 7.99 kwa Peacock na 9.99 kwa Hulu. Ukivichukua vyote vitatu kwa ajili ya filamu hizo nne unalipa 27.97, wakati kuzikodi moja moja kwa 5.99 ni 23.96. Max peke yake ilikuwa na maana: filamu mbili kwa 9.99 badala ya 11.98, ilimradi ukumbuke kujitoa kabla mwezi wa pili haujakatwa. Hapo ndipo wengi hunaswa. Tena matangazo yanayokatiza katikati ya uigizaji wa Fiennes ni gharama ambayo haimo kwenye risiti.

Afrika Mashariki hatukuuziwa Max, Hulu wala Peacock. Yaliyobaki ni ukumbi wa sinema pale filamu inapoletwa, kukodi au kununua kwenye duka la mtandaoni linalokubali akaunti ya nchi yako, au kungoja huduma inayofika huku inunue haki. Kuna pia kijana wa mtaani anayejaza filamu kwenye flashi. Sitajifanya simjui. Mbali na kwamba biashara yake ni wizi, nina hoja ya mnunuzi dhidi yake: filamu za mapigano huvumilia nakala mbovu, lakini hizi bidhaa yake ni uso na sauti ya mtu mmoja. Nakala iliyopigwa ukumbini kwa simu inakupa kivuli cha uso na mwangwi wa sauti. Kibanda umiza nacho, chenye mtafsiri anayezungumza juu ya waigizaji, kina sanaa yake ninayoiheshimu, ila ukienda kumtazama Domingo pale unamlipia mtafsiri.

Hivyo kabla ya kuchagua, tazama una kifaa gani. Kila mmoja wa hawa watano anataka kitu tofauti ili akufikie.

Ningekuwa na pesa ya filamu moja tu, ningemchukua Fiennes. Anaigiza Kardinali Thomas Lawrence, mkuu wa baraza la makardinali, ambaye, papa akiwa amefariki, analazimika kusimamia uchaguzi asioutaka huku sala zake mwenyewe zikiwa zimekauka. Katika riwaya ya Robert Harris ya 2016 mhusika huyu ni Mwitaliano. Filamu ya Edward Berger ikamfanya Mwingereza, na Fiennes akaingia ndani yake bila lafudhi ya kuazima. Karibu kila anachofanya ni kidogo. Anasikiliza. Anameza maneno. Anapogundua jambo baya kuhusu mwenzake uso hausogei, ila pumzi inabadilika, na mafundi wa sauti wameiweka pumzi hiyo karibu kabisa na sikio lako. Ndiyo maana nasema filamu hii uisikilize kwa spika za masikioni hata kama unaitazama kwenye simu ndogo. Picha ya kati inatosha. Sauti ya simu yenyewe, ikitoka juu ya meza huku feni inazunguka, itakunyima nusu ya ulicholipia.

Conclave pia ndiyo pekee kati ya hizi tano iliyopewa alama ya PG nchini Marekani. Nyingine zote ni R. Unaweza kuiwasha sebuleni wakati baba mkwe yupo na asipate sababu ya kuaga mapema. Watoto watasinzia, hilo ni kweli. Mazungumzo yanapita katika Kiingereza, Kiitaliano, Kilatini na Kihispania, kwa hiyo kila mtazamaji kuna mahali atasoma maandishi ya chini, na asiye mwepesi wa Kiingereza hajioni mgeni peke yake.

Kuna na nyongeza ambayo mtazamaji wa Tanzania atataka kuihesabu. Kardinali Adeyemi wa Nigeria, mmoja wa wanaopewa nafasi kubwa ya kuwa papa, ameigizwa na Lucian Msamati, mzaliwa wa Uingereza kwa wazazi Watanzania, aliyekulia Zimbabwe. Onyesho lake na Fiennes, wanaume wawili chumbani na siri moja katikati yao, ni kati ya maonyesho bora ya filamu nzima. Fiennes anafanya jambo ambalo steringi wachache hukubali kulifanya: anakaa pembeni ya mwenzake na kumwachia nafasi yote aanguke. Ukitaka kumpima mwigizaji mkuu, mtazame anapokuwa hana la kusema.

Papa Francis alipofariki tarehe 21 Aprili 2025 watu wengi walirudi kuitazama filamu hii, na tarehe 7 Mei makardinali wa kweli walifungiwa katika kanisa la Sistine, Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora akiwa miongoni mwao. Filamu ilijenga Sistine yake katika studio za Cinecittà, Roma, na taratibu za kura zimefuatwa kwa uangalifu. Lakini Mkatoliki anayeipenda heshima ya Kanisa ajue anachonunua. Mwisho wake una jambo ambalo litawaudhi baadhi ya watu, na Askofu Robert Barron wa Marekani aliwataka watu waiepuke. Mimi naona mwisho huo ni dhaifu kwa sababu za hadithi tu: unafika kwa haraka mno. Fiennes anaubeba mabegani na kuuvusha.

Wa pili kwangu ni Domingo, na kwa mwenye bando dogo ndiye wa kwanza. Sing Sing ni fupi kuliko zote, na iligharimu fedha kidogo kuliko zote: kama dola milioni 2, ikapigwa kwa muda usiofika wiki tatu. Waliofanya kazi hiyo walilipwa kiwango kimoja, nyota na wasaidizi sawasawa, na kila mmoja akapewa hisa yake katika mapato. Sing Sing ni gereza halisi katika jimbo la New York, ambako tangu 1996 kuna programu ya sanaa inayowapa wafungwa michezo ya kuigiza. Domingo anamwigiza John Whitfield, anayeitwa Divine G, mfungwa anayesisitiza kwamba hakufanya kosa alilohukumiwa. Wengi wanaomzunguka si waigizaji wa kazi. Ni watu waliowahi kufungwa na kupita katika programu hiyohiyo, wakijiigiza wenyewe, na Clarence Maclin ndiye mkali wao.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya Domingo ulipo. Mtaalamu amewekwa katikati ya watu ambao hawana haja ya kujifanya kitu, na akionekana tu kuwa anaigiza, filamu imekwisha. Kuna onyesho ambamo Divine G yuko mbele ya jopo linaloamua kama aachiliwe. Ameeleza kwa moyo jinsi maigizo yalivyombadilisha. Kisha anaulizwa kama na hapo, mbele yao, anaigiza. Tazama kinachotokea usoni mwake kabla hajajibu. Mtu huyu ameishi kwa maneno miaka yote, na sasa maneno yenyewe yamekuwa ushahidi dhidi yake. Kwangu mimi hizo ni sekunde bora kuliko zote za mwaka ule, za Brody zikiwemo.

Ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, kwa hiyo picha ina chengachenga za makusudi na nyuso ziko karibu. Picha ya kati haiipunguzii kitu, na skrini ya simu inaitosha. Kiingereza chake ni cha gerezani New York, cha haraka na chenye misimu mingi. Washa maandishi ya chini hata kama unajiamini. Kasoro yake ni kwamba inawapenda wahusika wake kiasi cha kuficha makali ya jela. Askari magereza karibu hawaonekani. Mtu aliyewahi kumtembelea ndugu gerezani ataona kuna harufu imeondolewa.

Kwa Chalamet swali ni rahisi: Dylan unamjali? Filamu ya James Mangold inamfuata kuanzia 1961, anapofika New York na gitaa, hadi tamasha la Newport la 1965 alipopanda jukwaani na gitaa la umeme na kuwakasirisha waliomlea. Chalamet alijiandaa kwa zaidi ya miaka mitano, muda uliorefushwa na korona na migomo ya Hollywood ya 2023, na anaimba na kupiga gitaa mwenyewe. Chama cha waigizaji wa Marekani kilimpa tuzo yake wiki moja kabla ya Oscar. Angeshinda na Oscar angekuwa mshindi mdogo kuliko wote wa kundi hilo, akiipiku rekodi ya Brody, aliyeshinda kwa The Pianist akiwa na miaka 29. Kwa hiyo usiku ule Brody aliondoka na sanamu, na rekodi yake ya ujanani haikuguswa.

Asiyemjua Dylan atalipia dakika 141 za kijana anayenung'unika na kuwaumiza wanawake. Ni uigizaji wa kweli, Dylan hakuwa mtu wa kujieleza, lakini unahitaji uje na mapenzi yako kutoka nyumbani. Anayempenda atafute spika nzuri, azime hata za jirani, na apunguze ubora wa picha kufidia. Nyimbo ndizo bidhaa.

Stan sina mengi ya kumwambia mnunuzi. Trump mwenyewe yuko bure kwenye taarifa ya habari kila jioni, na si wote watakaotaka kumlipia tena. Anayetaka atapata kazi ya akili: Stan, mzaliwa wa Romania, anaanza na kijana mwenye haya anayetafuta mlezi, kisha anaongeza mkono hapa, mdomo pale, mpaka unashtuka kwamba yule mtu wa televisheni amekwisha kukaa kitini. Jeremy Strong, anayeigiza wakili Roy Cohn, anamzidi, kwa hiyo unalipia mmoja unapata wawili. Mawakili wa Trump walijaribu kuizuia baada ya kuonyeshwa Cannes mwezi Mei 2024. Ina onyesho la ubakaji. Isiwe ya sebuleni. Picha zimefanywa zifanane na filamu za miaka ya 1970 halafu na video za televisheni za miaka ya 1980, hivyo ndiyo pekee ambayo mtandao unaokwamakwama karibu unaisaidia.

Amebaki mshindi. Brody ni László Tóth, msanifu majengo Myahudi wa Hungaria aliyenusurika kambi za Wanazi na kufika Marekani bila kitu. Hadithi ni ya kubuni, lakini damu yake si ya mbali: mama yake Brody, mpiga picha Sylvia Plachy, aliikimbia Hungaria na wazazi wake baada ya maasi ya 1956. Kulizuka kelele kabla ya tuzo ilipojulikana kuwa programu ya akili mnemba ilitumika kurekebisha matamshi yake ya Kihungaria. Mnunuzi ana haki ya kuuliza alichonunua ni sauti ya nani. Mwongozaji Brady Corbet alieleza kwamba kilichoguswa ni Kihungaria tu, na sehemu kubwa ya filamu ni Kiingereza, chenye lafudhi aliyoijenga Brody mwenyewe. Sikujiona nimepunjwa. Ningependa tu filamu ziseme mapema, kama pakiti ya juisi inavyolazimika kusema kilichomo.

Hii usiitazame kwenye simu. Ilipigwa kwa VistaVision, mfumo wa miaka ya 1950 unaopitisha mkanda kwa ubavu ili picha iwe pana, na Brody anaigiza kwa mwili mzima: anavyokaa, anavyovuta sigara, anavyosimama mbele ya mwamba wa marumaru kule Carrara kama mtu aliyefika msibani. Katika skrini ya inchi sita anabaki pua na moshi. Tafuta televisheni kubwa na wenzako wanne. Zile 20,000 za HD zikigawanywa kwa watano ni 4,000 kila mmoja, na kodi ya dola 5.99 inakuwa hela ya soda. Wote wawe watu wazima. Ina ngono, dawa za kulevya na ubakaji.

Sehemu ya kwanza inastahili sanamu peke yake. Binamu wa László anapompokea kituo cha basi na kumwambia kwamba mke wa László yu hai, Brody anavunjika kwa namna ambayo huwezi kuiita kulia wala kucheka. Sehemu ya pili inampa kelele nyingi zaidi na sababu chache zaidi, na hapo dakika zinaanza kuhesabika.

Mapumziko yanakuja baada ya saa moja na dakika 40 hivi, na ndiyo mahali pa kuikata. Maduka mengi ya kukodisha hukupa siku 30 za kuanza kutazama, lakini ukishabonyeza tu una saa 48. Pakua filamu nzima kabla, kwenye Wi-Fi ya mtu kama inawezekana. Ukianza Ijumaa saa mbili usiku, kipande cha pili ni cha Jumamosi, na hadi Jumapili saa mbili usiku bado unaweza kurudi kwenye kile kituo cha basi bila kulipa tena.